Maruhubi: Nyumba Iliteketea, Hamamu Ikabaki

Sayyid Barghash bin Said alipokalia kiti cha Unguja mwaka 1870, alirithi majumba ya baba yake, Sayyid Said, wala hakutosheka nayo. Alijenga Chukwani kusini mwa mji, na mwaka 1883 ikasimama Beit el-Ajaib pale Forodhani. Kabla yake, mwaka 1882, kasri la Maruhubi lilikuwa tayari, pwani, mwendo wa kilomita nne hivi kaskazini mwa mji. Shamba lilikuwa la Mwarabu aitwaye Al-Maruhubi. Mfalme alilinunua, lakini jina la muuzaji ndilo lililodumu.

Ghorofa ya juu na roshani zake zilikuwa za mbao, zimebebwa na nguzo nene za mawe. Humo waliishi masuria wa Sayyid. Wasimulizi husema tisini na tisa, na mke mmoja. Hesabu hiyo mimi naipokea kama hesabu za ngano: maana yake walikuwa wengi.

Utamu wa Maruhubi, kwangu, uko pembeni. Palikuwa na hamamu yenye kuba, mfereji wa mawe wa kuleta maji, na mabirika makubwa uani. Ukuta mrefu ulizunguka shamba lote. Yasemekana Barghash alivutiwa na kuta za bustani za Uingereza alikozuru mwaka 1875.

Mwaka 1899 moto ulishika. Mbao zote zikaenda, zikabaki nguzo, hazina cha kubeba. Hamamu haikuungua: kuba ni mawe na chokaa, halina boriti hata moja ya kuupa moto chakula. Walioidhuru ni wezi waliobandua marumaru yake.

Mambo ndiyo hayo hayo kule Kidichi. Hamamu aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Sherzad, ingali na maua na ndege wa plasta ukutani. Nyumba ya kupumzikia iliyokuwa jirani yake haipo tena.

Magari ya Bububu hupita Maruhubi. Ukishuka, usiishie kwenye nguzo, ambako kila mpiga picha husimama. Pita ndani, uinamie mlango wa hamamu, kisha utazame mabirika: sasa yameota mayungiyungi.