Ndege Ndogo na Hofu ya Watu

 

Mtu wa Mkunazini akitaka kwenda Dar es Salaam, ana njia mbili. Aweza kupanda boti pale bandarini Malindi, au ndege huko Kisauni, kiwanja ambacho siku hizi kina jina la Abeid Amani Karume. Ndege ndogo huvuka kwa dakika 20 hivi. Lakini utasikia, "Mimi kidude kile sipandi!" Hofu hiyo ilitoka wapi?

Turudi nyuma. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi, na katika miaka ya 1930 ndege zake zilifika mpaka Unguja. Vita vya 1939 viliikomesha kazi hiyo. Mwaka 1946 ikaanza East African Airways, kwa ndege za namna ya Dragon Rapide. Ndege hizo zilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao, kikawambwa kitambaa kilichopakwa dawa mpaka kikakazika kama ngozi ya ngoma. Basi mtu aliyezoea jahazi la mbao nene, ukimwambia apande nguo na vijiti, tena hewani, ana haki ya kusita.

Lakini angalieni. Ndege iliyogonga mlima Kilimanjaro tarehe 18 Mei 1955, wakafa watu wote 20, haikuwa ndogo. Ilikuwa Dakota, ndege kubwa kwa siku zile. Na msiba mkubwa wa safari visiwani mwetu ulitoka baharini. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyojaza watu kupita kiasi, ilizama ikielekea Pemba. Wakafa zaidi ya watu 200. Tarehe 18 Julai 2012 Skagit nayo ikapinduka karibu na Chumbe. Tukalia, tukazika, tukarudi botini. Bahari tumezaliwa nayo, ndiyo maana.

Ndege ndogo, kwa upande wake, haikufichi kitu. Unamwona rubani mgongo, unaziona saa zake, unasikia kila mlio wa injini. Tena hutikisika, kwa sababu jua hupasha nchi kavu upesi kuliko bahari. Hewa ya moto hupanda, nayo ndege nyepesi huchezeshwa kama ngalawa katika mawimbi. Wengine huuliza: hizi za injini moja, injini ikizimika? Haianguki kama nazi. Mabawa bado huibeba, nayo hushuka kwa mteremko, rubani akitafuta mahali pa kutua. Cha kuogopa zaidi ni rubani anayelazimisha njia katika wingu zito, na mzigo uliozidi.

Kwa hiyo hupimwa mizigo, na pengine abiria mwenyewe hupandishwa mizani. Mimi niliona haya siku ya kwanza! Na ukihamishwa kiti, ukatengwa na mwenzio, hukuonewa: rubani anasawazisha uzito, kama nahodha apangavyo shehena ya jahazi.