Maji ya Tigithe na Ushuhuda wa Kanisa

Sisi wa Bukima tulizoea kuuona mgodi wa Nyamongo kuwa jambo la wenzetu wa Tarime. Lakini mto Tigithe, unaopita karibu na mgodi huo, humwaga maji yake katika Mto Mara, na Mara hupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia ziwani upande wetu wa Musoma.

Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, uliokuwa chini ya kampuni ya Barrick, yakaingia Tigithe. Kampuni ilikiri kuvuja huko, ikasema chanzo ni wizi wa plastiki iliyotandikwa ili maji yasipenye. Wanavijiji walisema mifugo imekufa, ngozi zao zimechubuka, na wapo watu waliozikwa kwa sababu ya maji yale. Kampuni ilikana vifo hivyo.

Kanisa halikukaa kando. Mwaka uleule wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya uchunguzi kwa ajili ya CCT, jumuiya ambayo KKKT ni mwanachama wake. Walipima udongo, tope na maji kuzunguka mgodi wa North Mara, wakakuta aseniki kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa.

Hapo baadhi yetu wahubiri tuliteleza. Katika kitabu cha Kutoka, Israeli walifika Mara wakakuta maji machungu. Jina ni lilelile, na hubiri likajiandika lenyewe. Tulitangaza kwamba imethibitika watu waliuawa na maji. Uchunguzi haukusema hivyo. Ulipima maji na udongo, haukupima damu ya mtu. Tena miamba ya dhahabu mara nyingi huwa na aseniki yake ya asili, na wachimbaji wadogo nao hutumia zebaki. Amri ya nane, kama tunavyoihesabu katika Katekisimu Ndogo, inamlinda hata jirani mwenye mgodi.

Lakini kutothibitika si sawa na kutotokea, na wenye mgodi hawakuwa wepesi kulisema hilo. Mwenye kidonda aliambiwa alete ushahidi, naye hana maabara wala fedha za kumpeleka kwa bingwa wa ngozi. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji kutoka bwawa la mabaki. Kwa hiyo waliolalamikia maji hawakuwa wakiota.

Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali, chini ya Profesa Samwel Manyele, ilieleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wengi walicheka. Huenda kamati ilikuwa sahihi, maana kinyesi kikizidi majini hewa ya samaki hupungua kweli; ila watu waliokwisha kukanushiwa vidonda vyao hawasikilizi tena hesabu ya kinyesi.

Tunazo zahanati na hospitali za kanisa katika mkoa huu, na wapo madaktari katika sharika zetu. Mtoto aliyeogeshwa Tigithe mwaka 2009 sasa ni kijana, na ngozi yake bado inaweza kutazamwa.