Grisi Iliyoziokoa Injini Chini ya Ziwa Tanganyika

Fundi yeyote wa gereji anaijua karaha ya bolti iliyoshikwa na kutu. Spana huteleza, kona za nati huliwa, na mkono ukizidisha nguvu, kichwa hukatika na kipande kikabaki ndani ya injini. Hapo kazi ya dakika tano hugeuka kuwa ya siku nzima: kumimina mafuta na kusubiri, kugonga kwa nyundo, kupasha moto, na mwishowe kukitoboa kipande hicho kwa keekee bila kuyajeruhi meno yanayokizunguka.

Kutu ni chuma kilicholiwa na maji pamoja na hewa, nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Baina ya meno ya bolti na ya nati nafasi hiyo haipo, ndiyo maana hubana.

Mnamo mwezi Julai mwaka 1916, mafundi watatu wa Kijerumani mjini Kigoma walikuwa na kila sababu ya kulifikiria jambo hilo. Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt walikuwa wametoka katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, wakiifuata meli ambayo kiwanda chao kiliijenga mwaka 1913, kisha kikaifungua vipande vipande na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalishushwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli. Meli iliundwa upya Kigoma na kuingizwa majini mwezi Februari mwaka 1915. Ilipewa jina la Graf von Götzen, gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Jina ambalo wenyeji hawakuwa na sababu ya kulipenda.

Vita Vikuu vya Kwanza viliigeuza kuwa meli ya kivita. Lakini kufikia katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yakikaribia, na Wajerumani walikuwa wakijiandaa kuihama Kigoma. Kamanda Gustav Zimmer akaamuru meli izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa adui.

Kuiharibu kwa baruti kungekuwa rahisi. Mafundi wale walichagua njia nyingine. Walizipaka injini zake za mvuke grisi nzito, meli ikajazwa mchanga, na tarehe 26 Julai ikazamishwa taratibu karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Watu hao walitarajia kurudi na kuifufua.

Grisi haina muujiza. Kazi yake ni kuyazuia maji na hewa visikiguse chuma, na ikijaa katika meno ya bolti, kutu hukosa pa kuanzia. Ziwa lenyewe nalo lilisaidia, kwani maji ya Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari, ambayo huharakisha kutu.

Wajerumani hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa meli baada ya vita, lakini ilizama tena wakati wa dhoruba. Kigoma ilipokabidhiwa kwa Waingereza, jukumu hilo likawa lao, na tarehe 16 Machi mwaka 1924 walifaulu kuiinua. Ilikuwa karibu miaka minane tangu izamishwe. Injini na maboila yalionekana bado yanafaa kutumika. Chuma kilichokaa majini muda huo bila kinga kwa kawaida huishia kuuzwa kama chakavu, kwa kuwa gharama ya kukifungua hushinda thamani yake.

Ukarabati ulichukua miaka mitatu. Tarehe 16 Mei mwaka 1927 meli ilianza tena safari ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa hilo. Injini zile zile zilizopakwa grisi na Rüter na wenzake ziliisukuma hadi miaka ya 1970, zilipoondolewa na kuwekwa za dizeli.

Mwaka 1997 Liemba ilitumiwa kuwarejesha makwao wakimbizi wa Kongo. Mwezi Mei mwaka 2015 iliwachukua Warundi waliokuwa wamekwama katika kijiji cha Kagunga, ikawapeleka Kigoma, mji ule ule ilikoundwa kutoka masandukuni miaka 100 iliyotangulia.