Bustani ya Changarawe Katika Picha za Ubao

Afagiaye uwanja huko Tarime alfajiri huacha mistari ya ufagio, na wa kwanza kupita huivuruga, hakuna alalamikaye. Huko Kyoto, Japani, katika hekalu la Ryoan-ji lililoasisiwa mwaka 1450, mistari ya reki juu ya changarawe, kati ya mawe 15, haikanyagwi na mgeni. Hutazamwa kutoka barazani. Wengi huidhani desturi hiyo kuwa ya tangu awali. Kitabu cha Akisato Rito, kilichotolewa mwaka 1799, chawakanusha. Picha zake zilichongwa katika mbao, mbao zikapakwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake. Na katika picha ya bustani hiyo wageni wamo mumo humo, miguu juu ya changarawe. Kwa mwanahistoria, ubao huo ni shahidi bora kuliko bustani yenyewe, maana reki haikubakiza unyayo hata mmoja.