Kuhesabu tai wanaovuka Babul Mandab

Kila mwaka, kabla kaskazi haijashika barabara, tai wa nyika huanza kuingia Kenya kutoka Urusi, Kazakhstan na Mongolia. Wengi wao hupita mlango mmoja mwembamba: Babul Mandab, pale Bahari ya Sham inapokutana na Ghuba ya Aden, Yemen huku na Jibuti kule. Upana wa maji hapo ni takriban kilomita 30.

Mabaharia wetu waliujua mlango huo kwa sababu zao, na ndege wana zao. Tai ni mzito. Safari ndefu haiendi kwa kupiga mbawa, bali hupanda hewa moto inayoinuka ardhini jua likichoma, akazunguka ndani yake hadi juu kabisa, kisha akateleza mbele kutafuta nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo ni adimu. Basi hufuata nchi kavu mpaka maji yanapopungua upana, na hapo ndipo mwenye darubini humsubiri.

Oktoba na Novemba 1987, watazamaji kutoka Uingereza walikaa upande wa Jibuti wakahesabu. Walipata ndege zaidi ya 240,000 wa jamaa ya tai, mwewe na kipanga. Tai wa nyika peke yao walizidi 76,000.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Kundi likiwa bado linazunguka halihesabiki, maana ndege mmoja utamhesabu mara tatu. Mhesabuji hungoja wafike juu waanze kuteleza kwa mstari, ndipo akawahesabu mmoja mmoja, au kumi kumi wakiwa wengi, wanapopita alama aliyoichagua, tuseme kilele cha mlima. Mwenziwe huandika saa, mawingu na upepo. Upepo una mambo: ukigeuka, ndege huvukia kwingine na daftari likabaki tupu, ilhali hakupungua hata mmoja. Umri nao huandikwa. Kinda wa tai wa nyika ana utepe mweupe chini ya bawa, na makinda wakiadimika miaka mfululizo, kuna tatizo huko wanakozaliwa.

Ndiyo maana hesabu ya msimu mmoja, hata iwe kubwa vipi, haitoshi. Batumi, pwani ya Georgia kwenye Bahari Nyeusi, wanahesabu kila vuli tangu 2008, na wanaopita ni zaidi ya milioni moja. Huko mtu akisema shakivale wamepungua, ataulizwa takwimu naye atazitoa. Babul Mandab, inayotajwa mpaka leo ni ile ya 1987. Wala usidhani utawahesabu wakirudi, kwani tai wa nyika wengi hurejea kwao kupitia Suez.

Sababu ya kutaka kujua ipo. Mwaka 2015 tai wa nyika aliingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sumu huwaua, nyaya za umeme huwaua. Karibu na Port Sudan, laini moja ya umeme iliyojengwa miaka ya 1950 iliua tumbusi wa Misri kwa miongo mingi, hadi ilipozimwa 2014. Jibuti nayo ilizindua mitambo ya umeme wa upepo Ghoubet mwaka 2023. Anayetaka kujua ni ndege wangapi hukatiza anga ya nchi hiyo kila vuli bado anafunguliwa daftari la 1987.