Maradhi ya Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Katika mwaka 1933 Daktari Cicely Williams, mwanamke mzaliwa wa Jamaika aliyetumikia Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, ngozi ikibambuka na nywele zikipoteza weusi wake. Watoto hao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi. Mabingwa wengine walishikilia kuwa hiyo ni pelagra tu. Lakini kina mama wa kabila la Ga walikwisha kuyajua maradhi hayo, wakayaita kwashiorkor, yaani maradhi ya mtoto aliyeondolewa kifuani mdogo wake azaliwapo. Na jina hilo ndilo alilolitangaza daktari mwaka 1935. Kwa Kiswahili ni unyafuzi. Twastaajabu kwamba akina mama waliwatangulia waganga.

Kwa jirani zetu wa Uganda, huko Mulago, ilifunguliwa mwaka 1965 nyumba iitwayo Mwanamugimu. Pale mama alifundishwa kupika kwa mikono yake vyakula vya shambani mwake, ndizi pamoja na maharagwe na karanga, akamwona mwanawe akipata nafuu kwa chakula hicho. Wataalamu wa leo hawaupi upungufu wa protini lawama yote; hata hivyo, sufuria ile iliponya.

Wazee wetu, twasema kwa heshima: katika nyumba nyingi kitoweo humwendea baba kwanza, na mtoto wa miaka miwili huachiwa mchuzi. Mtu mzima aweza kukosa nyama majuma kadhaa asidhurike; mtoto huyo hana nafasi ya kungoja. Nani aandaliwe kwanza, twaliweka mbele ya baraza lenu.