Ardhi Pwani: Kwa nini hatimiliki pekee haitoshi

MNUNUZI wa ardhi akishakabidhiwa hatimiliki huamini kwamba mambo yamekamilika. Kumbe cheti hicho ni ukurasa wa mwisho tu wa historia ndefu, na dosari iliyo katika ukurasa wa kwanza yaweza kumpokonya mali yake.

Hayo yalidhihirika Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya kampuni iliyonunua kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa. Majaji walisema kiwanja hicho kilikuwa ardhi ya umma, na kwamba kilipogawiwa mmiliki wa kwanza mnamo 1989, sheria haikufuatwa. Hivyo mnunuzi hakulindwa, ingawa alidai kuwa alinunua kwa nia njema.

Katika Mwambao, asili ya hatimiliki nyingi ni sheria ya ardhi ya 1908. Sheria hiyo iliwataka waliodai ardhi ndani ya ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar wawasilishe madai yao kwa afisa wa serikali. Waliothibitisha walipewa vyeti, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi, waliomiliki ardhi kwa pamoja kimila, waliachwa bila vyeti. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaoitwa maskwota katika mashamba walimozikwa wazee wao. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, lakini athari zake zingalipo.

Anayetaka kufuatilia umiliki huanza kwa kuomba taarifa rasmi katika sajili ya ardhi kwa kutumia nambari ya kiwanja. Taarifa hiyo humtaja mmiliki wa sasa pamoja na rehani au zuio lililopo, lakini haisimulii yaliyotangulia. Kwa hivyo yafaa aombe pia nakala ya rekodi kamili ya kiwanja. Kwa mashamba mengi rekodi hiyo hujulikana kama kadi ya kijani, na huonyesha wamiliki wote kwa mpangilio wa tarehe. Kila uhamisho uwe na hati yake: mkataba wa mauzo, amri ya mahakama au kibali cha urithi. Iwapo ardhi ilitolewa na serikali, barua ya ugawaji na ramani iliyoidhinishwa zichunguzwe, ili ibainike kama haikutengewa barabara, shule au uwanja wa umma.

Hatimaye, mnunuzi afike shambani akiwa na mpimaji, awasikilize wazee wa kijiji na majirani. Sheria ya Kenya humruhusu aliyekaa waziwazi kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12, bila idhini ya mwenyewe, kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Mkaazi wa aina hiyo hatapatikana katika rekodi yoyote, ila hapo shambani.